Draiva ya kadi ya grafiki inapogoma: dalili, sababu na tiba kwa kompyuta ya kujiundia

Kompyuta ya kujiundia haina mtengenezaji mmoja wa kubebeshwa lawama. Kadi ya grafiki umeipata duka moja, pawa saplai duka jingine, RAM umeiongeza baadaye, na Windows umeiweka mwenyewe kwa flashi. Siku skrini ikizima katikati ya gemu, ujumbe unaokuja ni uleule kwa kila mtu: draiva ya skrini, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya grafiki, imeacha kujibu. Wengi wanauamini ulivyo. Wanapakua draiva, wanaifuta, wanapakua ya zamani, bando linakatika, na tatizo liko palepale.

Mjumbe hauawi, na draiva mara nyingi ni mjumbe tu. Ndiyo programu ya kwanza kugundua kwamba kadi imenyamaza, kwa hiyo jina lake ndilo linaloandikwa kwenye kumbukumbu za Windows, hata kama kadi imenyamazishwa na umeme mdogo, joto, RAM mbovu au plagi iliyolegea. Kazi ya kwanza ni kujua kama kosa ni la draiva yenyewe au la kitu kilicho nyuma yake. Ukilijua hilo, kinachobaki ni rahisi.

Nimepanga kwa dalili, maana dalili ndiyo unayoiona. Chini ya kila moja nimeanza na sababu inayokutwa zaidi. Maelezo ni ya Windows 10 na 11, na Linux ina kipande chake karibu na mwisho. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Maswali matatu kabla ya kugusa kitu

Nini kimebadilika? Draiva mpya, Windows iliyojisasisha usiku, kipande cha RAM, monita nyingine, umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo. Tatizo lililoanza siku ya mabadiliko fulani lina uhusiano nayo mpaka uthibitishe vinginevyo.

Je, hitilafu inaonekana kabla Windows haijapanda? Washa kompyuta, bonyeza Delete au F2, kaa ndani ya BIOS, programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows, kwa dakika kumi hivi. Humo hakuna draiva ya NVIDIA, AMD wala Intel. Kama madoa, mistari au kuzimika vinatokea humo, draiva haihusiki hata kidogo. Hiki ni kipimo cha bure na sijaona kingine kinachookoa muda kama hiki.

Windows inaitaje kadi yako? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukiona jina kamili, mfano GeForce GTX 1660 SUPER, draiva ipo. Ukiona Microsoft Basic Display Adapter, draiva haipo au imekataa kupanda. Kukiwa na pembetatu ya njano, bofya mara mbili usome namba ya kosa na uiandike pembeni.

## Kompyuta inawaka, feni zinazunguka, skrini haina kitu

Hapa draiva karibu kila mara haina hatia, kwa sababu bado haijaitwa kazini. Anza na waya wa monita: umeuchomeka kwenye kadi au kwenye madabodi? Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki ya ndani, na Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 zisizo na herufi G ni vivyo hivyo. Tundu za madabodi hazitatoa picha hata ufanyeje.

Kisha angalia waya wa umeme wa kadi. Feni za kadi zinaweza kuzunguka kwa umeme wa sloti peke yake, ndiyo maana watu wengi wanadhani kadi imepata umeme wakati plagi yake haijafika mwisho. Baada ya hapo zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, toa kadi na uirudishe mpaka kile kibano cha sloti kilie. Kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu na chumvi ya hewa huacha utando kwenye meno ya kadi na ya RAM. Futa meno kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili, uache yakauke.

Monita za VGA bado ni nyingi kwetu, na zinasumbua kuliko watu wanavyodhani. GeForce kuanzia mfululizo wa GTX 10 na Radeon kuanzia RX 400 hazitoi tena mawimbi ya analogi. Adapta ya DVI kwenda VGA isiyo na chipu ndani yake haitaonyesha kitu. Tafuta ya HDMI au DisplayPort kwenda VGA yenye chipu, uijaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine.

Sababu adimu zaidi ni kadi ya zamani sana isiyoielewa UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Madabodi mpya ikiwa imezima CSM (hali ya kuiga BIOS ya zamani), kadi hiyo haitatoa picha hadi CSM iwashwe.

Kama nembo ya madabodi inaonekana, duara la Windows linazunguka, halafu giza, hapo ndipo draiva inaingia kwenye orodha. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Windows itaianzisha upya draiva ya skrini, mara nyingi kwa mlio mfupi. Kisha jaribu Windows na P ikifuatiwa na mshale na Enter, kwa sababu kompyuta iliyowahi kuunganishwa na televisheni wakati mwingine inaendelea kutuma picha huko. Bado giza? Zima kwa kushikilia kitufe wakati Windows inapanda, rudia mpaka ukurasa wa ukarabati utokee, kisha uingie Safe Mode. Safe Mode inatumia draiva ya msingi ya Microsoft. Ikitulia humo, ondoa draiva yako kwa utaratibu ulio chini kidogo.

## Picha kubwa, rangi zimepauka, au alama ya njano Device Manager

Namba ya kosa ndiyo inayoongea. Kosa 28 maana yake draiva haijawekwa. Kosa 22, mtu ameizima kadi, bofya Enable. Kosa 31, Windows imeshindwa kuipandisha draiva, mara nyingi kwa sababu mabaki ya draiva ya zamani yanagombana na mpya. Hilo hutokea sana kwa aliyehama kutoka Radeon kwenda GeForce bila kusafisha. Kosa 12 ni uhaba wa nafasi za anwani, huonekana kwenye kompyuta zenye kadi zaidi ya moja, na tiba yake kwa kawaida ni kuwasha Above 4G Decoding ndani ya BIOS. Kosa 52, saini ya draiva haikubaliki. Ukiliona hilo jiulize umeitoa wapi draiva hiyo.

Kosa 43 linahitaji subira. Windows inasema imeisimamisha kadi kwa sababu kadi yenyewe imeripoti matatizo. Safisha draiva na uiweke upya mara moja. Mara moja tu. Likirudi, acha kupakua na uelekee kwenye kadi.

Kadi za mtumba zina mambo mawili ya kujua. La kwanza ni kadi bandia. Zimeuzwa sana kadi za GTS 450 na GTX 550 Ti ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Draiva rasmi inazikataa, au inakubali kisha kosa 43 linatokea. Pakua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Ikiitambua kadi ya namna hiyo inaandika neno FAKE mbele ya jina lake. Muuzaji akikupa CD yenye draiva ya kadi hii pekee na kukuonya usisasishe, umeshapata jibu. Hakuna draiva itakayoigeuza kadi ya 2011 kuwa ya 2016, na pesa yako inastahili kurudishwa.

La pili ni kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliachana na uchimbaji kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi, hasa RX 570 na RX 580, zikamwagika sokoni. Nyingi zilikuwa zimebadilishiwa BIOS ya kadi, yaani programu yake ya ndani, ili zichimbe vizuri, na draiva ya AMD hukagua saini ya BIOS hiyo na kukataa isiyo ya asili. Baadhi ya kadi hizi zina swichi ndogo ubavuni yenye BIOS mbili. Zima kompyuta, isukume upande wa pili, washa ujaribu. Mara nyingi hilo linatosha. Kama swichi haipo, au pande zote mbili zimebadilishwa, kinachotakiwa ni kuandika BIOS ya asili.

Simama hapa: kuandika BIOS ya kadi si kazi ya kujifunzia kwenye kadi yako ya pekee. Umeme ukikatika katikati, au faili likiwa la kadi yenye aina nyingine ya kumbukumbu, kadi inaweza isitoe picha tena. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja.

## Draiva inakataa kusakinishwa

Ujumbe wa kwamba draiva hii haiendani na toleo hili la Windows, au kwamba hakuna kadi inayofaa iliyopatikana, mara nyingi ni wa kweli kabisa. Soma jina la kadi tena, uhakikishe umechagua familia sahihi kwenye tovuti. Halafu angalia umri wake. NVIDIA ilitoa draiva za mwisho za kawaida za kadi za Kepler, yaani GTX 600 na nyingi za GTX 700, katika tawi la 470 (matoleo yanayoanzia namba hiyo) mwaka 2021. Familia za Maxwell na Pascal, humo zimo GTX 750 Ti, 970, 1050 Ti na 1060 zinazopendwa sana huku kwetu, zimefikia tawi la 580 mwaka 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. AMD iliziweka kando kadi za HD 7000, R9 200 na R9 300 mwaka 2021. Kadi hizi bado zinafanya kazi. Zinataka tu draiva ya tawi lake, na ukilazimisha ya leo hutapata kitu.

Windows ya biti 32 nayo haipati draiva mpya za NVIDIA tangu tawi la 390. Ukikuta kompyuta yako ni ya biti 32, dawa ni kuiweka upya kwa biti 64.

Sababu inayofuata ni faili lililokatika. Draiva ya NVIDIA siku hizi inavuka MB 600, na kwa mtandao wa simu unaokatikakatika faili linaweza kufika nusu. Linganisha ukubwa na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Pakua kutoka nvidia.com, amd.com au intel.com peke yake. Programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja zikwepe. Nyingi zinaleta draiva isiyo yake au mzigo usiouhitaji, na sioni kazi zinayofanya ambayo tovuti tatu hizo hazifanyi.

Mwisho ni mabaki. Hapa ndipo usafishaji wa kweli unahitajika, kwa programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU:

1. Pakua draiva unayoitaka pamoja na DDU kwanza, uviweke kwenye diski. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa kurejesha. Jua pia nenosiri kamili la akaunti, kwa sababu PIN inaweza kukataa ndani ya Safe Mode.
2. Kata intaneti: chomoa waya au zima Wi-Fi. Ukiiacha, Windows Update inaweza kukuwekea draiva yake kabla hujaweka yako.
3. Shikilia Shift ukibofya Restart. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4.
4. Fungua DDU, chagua GPU, chagua kampuni ya kadi, bofya kitufe cha kusafisha na kuanzisha upya.
5. Sakinisha draiva. Anzisha upya. Kisha rudisha intaneti.

Jambo dogo linalosahaulika: Shut down ya Windows yenye Fast Startup haifuti kila kitu kwenye kumbukumbu. Baada ya kusakinisha tumia Restart.

Windows ikiendelea kubadilisha draiva yako kila wiki, DDU ina chaguo la kuizuia Windows Update isilete draiva. Liwashe.

## Gemu inakutupa nje, au skrini inazima sekunde chache na kurudi

Dalili hii ndiyo inayopeleka watu wengi kwa fundi, na ndiyo inayosingiziwa draiva zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Windows ina mlinzi anayeitwa TDR (Timeout Detection and Recovery). Kadi ikipewa kazi, naye akasubiri sekunde 2 bila jibu, anaianzisha upya draiva. Ukienda Event Viewer, Windows Logs, System, utakuta tukio namba 4101 lenye maneno “Display driver nvlddmkm stopped responding and has successfully recovered”. Hiyo nvlddmkm ni faili la NVIDIA. Kwa AMD utaona amdkmdag au amduw23g. Kama uokoaji ukishindikana inakuja skrini ya bluu yenye VIDEO_TDR_FAILURE. Soma ujumbe huo kwa makini: unasema kadi haikujibu kwa wakati. Hausemi kwa nini.

Draiva yenyewe. Ndiyo mshukiwa wa kwanza kama tatizo limeanza baada ya kusasisha. Draiva hukosea kwelikweli. Machi 2010 NVIDIA iliiondoa toleo 196.75 baada ya kuharibu udhibiti wa feni hadi kadi zikapata joto kupita kiasi. Oktoba 2023 AMD iliiondoa 23.10.1 kwa sababu kipengele chake cha Anti-Lag+ kilisababisha wachezaji wa Counter-Strike 2 kufungiwa. Fungua Device Manager, sifa za kadi, kichupo cha Driver, bofya Roll Back Driver. Kama kitufe kimefifia, safisha kwa DDU uweke toleo la mwezi au miwili nyuma. Ikitulia, kaa na toleo hilo. Hakuna sheria ya kusasisha kila wiki kompyuta inayofanya kazi.

Kasi iliyoongezwa. Rudisha kadi, prosesa na RAM kwenye mipangilio ya kiwandani. Kadi nyingi zinauzwa zikiwa zimeongezwa kasi tangu kiwandani, na baada ya miaka haziwezi tena kuibeba. Jaribu kinyume: kwa programu ya MSI Afterburner punguza kasi ya kiini kwa MHz 50 hadi 100, na kikomo cha nguvu hadi asilimia 75. Kama gemu iliyokuwa ikikutupa nje sasa inatulia, umejua kwamba tatizo ni umeme, joto au kadi kuchoka. Kosa la draiva kwa kawaida haliponi kwa kupunguza MHz.

Umeme wa kadi. Sloti ya madabodi inatoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. RX 580 inakula karibu wati 185, RTX 3060 wati 170, na zote zinaruka juu zaidi kwa kitambo kidogo. Pawa saplai ya bei ya kutupa iliyoandikwa 500W ubavuni haimaanishi inazitoa kwenye laini ya volti 12. Soma jedwali la kibandiko, mstari wa 12V: zidisha ampea kwa 12 upate wati halisi. Kadi yenye plagi mbili ipe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili.

Kompyuta moja yenye RX 580 ilinijia baada ya kufomatiwa tena na tena. Mwenyewe alikuja na orodha ya matoleo ya draiva aliyojaribu. Nilipochomoa plagi ya pini 8 ilikataa kutoka kirahisi. Ilipotoka, vitundu viwili vya upande wa nyaya za volti 12 vilikuwa vimegeuka kahawia, plastiki imevimba kidogo kwenye ukingo, na kipini kimoja kimerudi nyuma ndani ya plagi hivi kwamba kilikuwa kinagusa kwa ncha tu. Kwa kuangalia video mguso huo ulitosha. Gemu ikianza, kadi inaomba umeme mwingi, volti zinashuka, kadi inanyamaza, Windows inaandika 4101. Waya mpya wa pawa saplai ileile na plagi ya kadi iliyobadilishwa na fundi wa kuchomea vilimaliza kazi. Draiva ilibaki ileile aliyokuja nayo.

Simama hapa: ukiona rangi ya kahawia, plastiki iliyoyeyuka au ukisikia harufu ya kuungua, usiwashe tena. Usiazime waya wa pawa saplai ya aina nyingine hata kama plagi inaingia, maana mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai hutofautiana na unaweza kuunguza kadi na diski kwa mara moja. Na usifungue pawa saplai: kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Wenye plagi mpya ya pini 16 wahakikishe imezama yote, bila mwanya, na waya haujakunjwa karibu na kichwa chake.

Joto. Angalia nyuzi kwa GPU-Z ukiwa unacheza. Kadi inayopita 85 kwa gemu ya kawaida, kwenye chumba cha kawaida, inataka kusafishwa vumbi, kuangaliwa feni, na pengine kubadilishiwa pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza. Kadi iliyofanya kazi miaka kwenye joto la Pwani pesti yake hukauka. Shika feni isizunguke unapopuliza vumbi.

RAM na prosesa. XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS ya kuongeza kasi ya RAM, ikiwashwa kwenye RAM mbili zisizofanana, makosa yake hujitokeza kama draiva iliyoanguka. Zima XMP ucheze siku moja. Endesha MemTest86 usiku kucha: kosa moja tu linatosha kuihukumu RAM. Wenye Intel ya kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, wajue kisa chao. Magemu mengi yaliwatolea ujumbe wa kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, watu wakabadilisha draiva na hata kadi, kumbe prosesa ndiyo iliyokuwa inaharibika kwa volti kubwa mno. Intel ilikiri mwaka 2024, ikatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti kupitia BIOS za madabodi, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisha BIOS. Kama prosesa imeshaharibika, marekebisho hayairudishi, idai dhamana.

Raiza. Kasha zenye kadi iliyosimama wima hutumia waya wa raiza, yaani waya unaorefusha sloti ya kadi. Waya wa PCIe ya kizazi cha 3 ukiwa kwenye sloti ya kizazi cha 4 huleta giza na kukwama kusikotabirika. Weka PCIe iwe Gen 3 ndani ya BIOS, au rudisha kadi moja kwa moja kwenye sloti.

Utakutana na ushauri wa kuongeza TdrDelay, muda wa kusubiri wa TDR, ndani ya rejista ya Windows ili Windows isubiri zaidi. Unawafaa wanaofanya kazi ndefu za Blender au hesabu nzito. Kwa gemu inayoanguka unarefusha tu muda wa kukaa gizani.

## Mistari, madoa, skrini kupepesa

Kwanza badilisha waya wa monita, halafu tundu, halafu monita. Kisha piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, itume kwenye simu. Madoa yakiwemo ndani ya picha, yanatoka kwenye kadi au draiva. Picha ikiwa safi, chunguza waya na monita.

Kupepesa kunakotokea tu ukivinjari au kuangalia video, hasa kwa monita mbili zenye kasi tofauti, mara nyingi ni programu: zifanye monita ziwe na kasi moja ujaribu, na uzime hardware acceleration kwenye kivinjari. Miraba ya rangi, nukta zilizojipanga kama gridi, au mistari inayoonekana hata ndani ya BIOS ni kumbukumbu ya kadi au mguso wa chipu. Usiichome kadi kwenye jiko la oveni wala kwa bunduki ya joto kama video nyingi zinavyoelekeza. Ikipona ni kwa siku chache, na moshi wake si wa kupikia.

## Kompyuta inazima yote au inajiwasha upya

Draiva ikianguka, kompyuta hubaki inawaka. Ikizima kama umechomoa waya, na Event Viewer ikaonyesha Kernel-Power 41 bila skrini ya bluu, tafuta umeme. Angalia na UPS: nyingi za VA 650 hubeba wati zisizofika 400, na mawimbi yake ya umeme, yasiyo laini kama ya ukutani, baadhi ya pawa saplai za kisasa hazikubaliani nayo umeme wa TANESCO au Kenya Power unapokatika. Jaribu ukutani moja kwa moja kwa muda mfupi. Kinachobadilika kitakuambia.

## Draiva iko sawa ila gemu inaburuta

Fungua Task Manager, Performance, uone kadi ipi inafanya kazi. Kama ni grafiki ya ndani, rudi kwenye waya wa monita, kisha Settings, System, Display, Graphics, uipe gemu kadi kubwa. Kwa Intel Arc, Resizable BAR isipowashwa ndani ya BIOS kadi itaonekana mbovu bila kuwa mbovu.

## Kwa wanaotumia Linux

Baada ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kusasishwa, draiva ya NVIDIA isipojijenga upya utapata picha kubwa, na amri ya nvidia-smi itasema haiwezi kuwasiliana na draiva. Kwa Ubuntu endesha sudo ubuntu-drivers install, kisha anzisha upya. Kama Secure Boot imewashwa, skrini ya bluu ya MOK (ya kuidhinisha ufunguo wa saini ya draiva) itatokea mwanzoni. Chagua Enroll MOK na uweke nenosiri ulilolitunga, usiipite. Radeon na Arc draiva zake zimo ndani ya kerneli, kwa hiyo ukiwa na kadi mpya ongeza toleo la kerneli kwanza.

## Wakati wa kumpelekea fundi

Peleka kama kosa 43 limerudi baada ya usafishaji mmoja kamili, kama madoa yanaonekana ndani ya BIOS, kama kadi inafanya vilevile kwenye kompyuta ya rafiki, au kama kuna alama yoyote ya kuungua. Kadi ikiwa bado na dhamana usifungue skrubu hata moja kabla ya kumwuliza muuzaji.

Ukienda, beba kadi na pawa saplai pamoja na nyaya zake zote, si kadi peke yake. Mwambie fundi namba ya kosa uliyoiandika, toleo la draiva, kama Safe Mode ilitulia, kama kupunguza MHz kulisaidia, na dalili inatokea kwenye kazi gani. Mwombe akuonyeshe kadi ikifanya kazi chini ya mzigo kwa nusu saa mbele yako kabla hujalipa.